Nyaya za Jeff

Jambo ambalo Kilonzo hakulifanya, katika Jumamosi zote alizoketi sebuleni kwa Mutunga akibishana naye juu ya sauti, ni kutazama nyuma ya kabati. Lilikuwa jambo la kuinuka, kuinama na kuchungulia tu. Mtu aliyewafundisha fizikia walimu wa karibu nusu ya Ukambani, ambaye alizoea kuwarudishia wanafunzi kazi zao akiwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu neno moja, "Umetazama?", alikaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufumwa, kikombe cha chai kikifuka mvuke juu ya goti lake, akatoa hukumu baada ya hukumu juu ya kitu ambacho hajakiona.

Kabati lenyewe lilijaza ukuta mzima. Mutunga alikuwa amelichongesha kwa seremala wa Kalama mara tu alipostaafu kazi ya posta: mashine ya santuri katikati, amplifaya chini yake, na spika mbili zimefichwa kwenye ncha zote mbili nyuma ya kitambaa cha kahawia. Nyaya zilipita kwa nyuma, baina ya mbao na ukuta, penye mwanya ambao ni mtu mwembamba tu angeweza kuupenya. Kilonzo hakuwa mwembamba. Hiyo ndiyo sababu ambayo baadaye angejipa, ingawa hakuna siku aliyojaribu.

Simu ya Mutunga ilikuwa ikija Jumamosi, baada ya chakula cha mchana.

"Mwalimu, uko?"

"Nipo."

"Basi kuja. Jeff ametuma kitu."

Jeff alikuwa kitindamimba wa Mutunga, aliyeajiriwa katika duka la vyombo vya muziki huko Dubai. Tangu mazishi ya mama yake hakuwa amekanyaga Machakos, lakini kila mtu wa kwao aliyekuja likizo alibebeshwa kifurushi. Kwanza zilikuja nyaya za spika, nene kama kamba za kufungia ng'ombe, zilizosemekana kuwa za shaba isiyochanganyika na chembe ya kitu kingine. Kisha vikaja vichwa vya plagi vilivyopakwa dhahabu. Kisha koni nzito za chuma za kuwekwa chini ya mashine ili isitetemeke. Kila kimoja kilifika na sifa zake, na Mutunga alizitoa sifa hizo kwa utulivu wa msomaji wa somo la kwanza kanisani.

"Sikiza besi sasa. Sikiza vile imeshikana. Zamani ilikuwa inamwagika mwagika."

"Haijashikana wala haikuwahi kumwagika. Ni besi ile ile."

"Na gitaa la pili? Si limetoka nje? Lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza kama mtoto nyuma ya rinda la mamake."

"Mutunga, gitaa la pili liko pale lilipowekwa siku ya kurekodi. Kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika ni urefu wa mtu aliyelala. Katika urefu huo umeme haujali kama unapita kwenye shaba ya kifalme au kwenye waya wa kuanikia nguo."

"Masikio yako yamezeeka."

"Na yako yana umri gani?"

Mutunga alicheka kwa namna yake, mabega yakipanda na kushuka bila sauti, akaigeuza santuri. Lilikuwa benga la zamani la Ukambani, la wanamuziki wa vijijini ambao majina yao yalikuwa yamefutika kwenye karatasi ya katikati. Wimbo ulipofika pale mwimbaji anaponyamaza na magitaa yanaachwa yakimbizane, wazee hao wawili nao walinyamaza. Hapo hapakuwa na ubishi. Mutunga aliyatazama mapazia. Kilonzo aliitazama chai yake. Sindano ilipoinuka, kila mmoja alikohoa kidogo, kana kwamba amekutwa mahali asipotarajiwa.

Kisha walianza upya. Ubishi mkali kuliko wote ulikuja na vigoda. Vilikuwa vijiti vya mbao iliyong'arishwa, vyenye pengo juu, vya kuinulia nyaya zisiguse sakafu.

"Zisiguse sakafu?" Kilonzo aliweka kikombe chini. "Kwa nini zisiguse sakafu?"

"Sakafu inavuta sauti."

"Asi! Waya unaogopa baridi? Tuununulie na soksi?"

"Cheka, Mwalimu. Ulicheka pia wakati wa koni."

"Na nilikuwa sahihi wakati wa koni."

"Vigoda hata dakika mbili hujavisikia, ushatoa maksi."

Kilonzo aliinua kichwa, akafumba macho, akasikiliza kwa haki yote aliyokuwa nayo. Aliamini kwamba mtu asiyesadiki ana wajibu mkubwa wa kusikiliza kuliko anayesadiki. Alisikiliza besi, akasikiliza magitaa, akasikiliza mkwaruzo wa sindano, na alipofumbua macho alitikisa kichwa kama hakimu asiye na furaha na hukumu yake. "Hakuna kitu," alisema. "Naapa, ningependa kiwepo."

Jioni aliteremka kwenda kwake akiwa ameshiba ubishi. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya mteremko ule ule wa Mumbuni, na kutoka barazani aliiona milima ya Iveti ikibadilika kutoka kijani kwenda buluu, kutoka buluu kwenda kiza. Mkewe Syokau alikuwa amekwenda Kanada kumpokea mjukuu wao wa kwanza, akasema atakaa miezi sita. Mtoto akaota meno. Kisha akapata mdogo wake. Kilonzo alijifunza kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa sufuria ndogo, na akajifunza kwamba chakula hicho hakikubali kupikwa kidogo. Kila mara alikula kile kile kwa siku kadhaa, akikipasha moto mpaka mahindi yakalegea kama karatasi iliyonyeshewa. Siku ya Jumapili mkewe alipiga simu ya video. Walionyeshana vitu: yeye alionyeshwa theluji, naye akaonyesha mti wa parachichi. Zamani Kilonzo alikuwa akiuliza, "Lini?" Mwezi wa Agosti aliacha kuuliza.

Alipokuwa akifundisha, alipenda jaribio moja kuliko yote. Kengele ya umeme huwekwa ndani ya mtungi wa kioo, kisha hewa inanyonywa polepole. Nyundo inaendelea kuipiga kengele, kila mwanafunzi anaiona ikiipiga, lakini sauti inafifia mpaka inakuwa hakuna. Darasa lilikuwa likishangaa kila mwaka. Siku hizi, akiosha sahani yake moja, alijikuta akiikumbuka kengele ile na kuhisi kwamba aliionea.

Zamu ya Mutunga ya kuipokea jumuiya ndogo ya Kikristo ilifika mwezi wa Oktoba, mijakaranda ikiwa imemwaga maua yake njiani. Wanajumuiya walijaa sebuleni na wengine wakakaa kizingitini. Wakasali rozari, wakasoma injili, wakatoa nia zao, kisha chai na mandazi vikazunguka. Kilonzo alikuwa amekuja na waya katika mfuko wa koti. Ulikuwa waya aliouchomoa kwenye pasi ya zamani iliyoungua. Hakutaka kumwaibisha mtu. Alisadiki kwa dhati kwamba jambo likithibitishwa mbele ya watu wazima wenye akili, litakuwa limethibitishwa, na yeye na Mutunga wataendelea mbele hadi suala jingine. Hakujiuliza suala hilo jingine lingekuwa lipi.

"Ndugu zangu," alisema akisimama, "kabla hatujatawanyika, nawaomba muwe mashahidi wa jaribio dogo."

Watu walifurahi. Mwalimu Kilonzo hakuwa mtu wa michezo.

Alimchagua Ndunda, katekista, kwa kuwa alikuwa na mwili wa kupenya mwanya ule. Kazi yake ingekuwa kuingia nyuma ya kabati na kuunganisha spika ama kwa nyaya za Jeff ama kwa waya wa pasi, bila kusema ameweka upi. Mutunga angesikiliza na kutaja.

"Mwalimu, acha," Mutunga alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanataka kwenda nyumbani."

"Ni dakika chache tu. Wewe si ndiye unasikia tofauti?"

Ndunda akapenya. Alipapasa huko nyuma, kisha kichwa chake kikatokea kwenye pembe ya kabati. Alimtazama Mutunga. Mutunga akamtazama yeye. Kilonzo aliuona mtazamo ule, akauchukulia kuwa ni wa mtu anayejuta kuingizwa katika mambo ya wazee.

"Tayari," Ndunda alisema, sauti yake ikiwa imepungua.

Santuri ikaanza. Sebule nzima ikainamisha masikio.

"Huu ni upi?" Kilonzo aliuliza.

"Ni sawa tu," Mutunga alisema.

"Sawa si jibu. Ndunda, badilisha au usibadilishe. Haya. Na huu?"

"Ni ile ile."

"Na sasa?"

Mutunga alikuwa ameweka mikono yake yote miwili juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Mwalimu," alisema, "hakuna tofauti."

"Hakuna tofauti! Mmesikia wenyewe, amesema kwa mdomo wake!"

Kicheko kilipasuka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa cha watu walioshiba mandazi. Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango alipaza sauti: "Baba Jeff, mwambie huyo kijana sasa alete pasi!" Wakacheka tena, na Mutunga naye akacheka, ila safari hii mabega yake hayakupanda wala kushuka. Kisha aliinuka, akaanza kukusanya vikombe. Akina mama walimwambia aache, hiyo ni kazi yao, lakini aliendelea, akavipeleka jikoni viwili viwili, akirudi na kwenda, mpaka meza ikabaki tupu.

Jumamosi iliyofuata simu haikulia. Kilonzo alidhani kifurushi kimechelewa. Jumamosi ya pili alidhani Mutunga amenuna, na kununa kwa mtu mzima huisha kwenyewe kama mafua. Mvua za vuli zilianza. Maji yalijaza tangi, yakamwagika, na sauti ya kumwagika kwake ikawa ndiyo mazungumzo ya nyumba ile.

Aligundua kwamba hakuwa na njia ya kwenda. Alilifikiri jambo hilo kwa utaratibu, kama alivyofikiri mambo yote. Kwa kawaida aliitwa kwa sababu kulikuwa na kitu kipya cha kusikiliza. Aliyekuwa na kitu ndiye aliyeita. Yeye hakuwa na kitu. Hakuwa na sahani ya watu ya kurudisha, wala ujumbe, wala ugonjwa. Angesimama mlangoni aseme nini? Kuomba radhi kungekuwa njia, lakini radhi ya nini? Kwa kuwa sahihi? Aliligeuza swali hilo huku na huku na kila upande aliuona kuwa laini, hauna mahali pa kushika.

Alasiri moja, mvua ikiwa imepungua, alichukua mwavuli akapanda mteremko hata hivyo. Alipofika kwenye lango la Mutunga alisikia muziki. Ulikuwa hafifu, umezuiwa na dirisha na mvua, lakini aliutambua: ulikuwa umefika pale mwimbaji anaponyamaza. Alisimama na mkono juu ya komeo. Magitaa yalikimbizana, yakapatana, yakaachana, kisha yakaisha. Alingojea kusikia santuri ikigeuzwa. Haikugeuzwa. Ndani palibaki kimya, na nje palibaki mvua, na Kilonzo akaondoa mkono kwenye komeo polepole ili lisilie.

"Na Mutunga hajambo?" Syokau aliuliza Jumapili ile.

"Hajambo," Kilonzo alijibu. "Tuko tu na ubishi wetu."

Habari aliipata kanisani, pamoja na watu wote. Mwenyekiti wa jumuiya alisimama wakati wa matangazo, akasoma juu ya usafi wa makaburi na juu ya harusi, kisha akasema kwamba Mzee Mutunga anahamia Matuu kwa binti yake, na wenye nguvu wafike Jumamosi asubuhi wamsaidie kupakia. Watu walinong'ona "pole" na "heri". Kilonzo alibaki ameitazama nguzo iliyokuwa mbele yake. Alihisi kama mwanafunzi fulani wa zamani aliyemjia akimwambia kwamba darasa zima lilikuwa limeielewa hesabu isipokuwa yeye.

Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kinyumenyume uani, na Wavinya, binti mkubwa wa Mutunga, mwenye shamba la maembe huko Matuu, alikuwa akifunga mashuka kwa kamba.

"Mwalimu! Karibu. Baba alisema utakuwa na shughuli."

"Shughuli gani?"

"Hakusema."

Kilonzo alishika ncha ya pili ya kamba. "Mbona unamchukua, mwanangu?"

"Simchukui. Amekubali mwenyewe." Wavinya alivuta fundo kwa meno, akalitema. "Mwaka jana nilimwomba akakataa kabisa. Akaniambia, 'Huko nitabishana na nani?' Mwezi uliopita nikajaribu tena, nikijua atakataa. Akasema sawa. Hivyo tu, Mwalimu. Sawa."

Kilonzo alishughulika na kamba kwa muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji.

Wanaume wa jumuiya walifika, Ndunda akiwa miongoni mwao, wakalivuta kabati kutoka ukutani. Lilitoa mlio wa mnyama mzito anayeamshwa. "Mwalimu ndiye mjuzi wa nyaya," mmoja akasema. "Mwache azichomoe yeye."

Akaingia nyuma ya kabati. Mwanya sasa ulikuwa mpana.

Palikuwa na waya mmoja. Ulikuwa mwembamba, wa nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi zilizopauka, kama wa kuning'inizia taa ya banda la kuku. Katikati ulikuwa umeungwa kwa plasta ya kufungia vidonda, ambayo ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Utando wa buibui uliokatika ulining'inia hapo, umejaa vumbi la miaka. Hapakuwa na dhahabu. Hapakuwa na koni wala vigoda. Kilonzo alishika waya ule kwa vidole viwili, akaufuata kwa macho hadi mwisho wake mmoja, akarudi akaufuata hadi mwisho wake wa pili.

Ndunda alikuwa amesimama penye pembe ya kabati.

"Siku ile," Kilonzo alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Ulikuwa huo, na ule wa pasi."

"Na ukanyamaza?"

"Mzee alinitazama."

Wavinya akatokea chumbani na katoni kifuani. "Baba!" aliita kupitia dirishani. "Haya maboksi ya Jeff yaende wapi? Hata hayajafunguliwa!" Aliliweka katoni chini na kurudi chumbani. Kilonzo aliinama. Vifurushi vilikuwa vimepangwa kwa uangalifu wa mtu wa posta, vikubwa chini na vidogo juu, na karatasi ya gundi bado ikiwa imevibana. Ubavuni mwa kimoja palikuwa na maelezo ya Kiingereza, na katika maelezo hayo akayatambua maneno ya Mutunga moja baada ya jingine: besi iliyoshikana, ala zinazotoka mbele, sakafu inayoiba sauti.

Kilichompanda kwanza kilikuwa hasira. Jumamosi zote zile alikuwa amefumba macho na kusikiliza kwa haki, akipima kisichokuwapo dhidi ya kisichokuwapo. Alitoka nje kwa hatua za mwalimu anayekwenda kumtafuta aliyepiga kelele.

Mutunga alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni kando ya tangi la maji, amevaa koti na kofia, tayari kwa safari.

"Hukuzifunga nyaya," Kilonzo alisema.

"Sikuzifunga."

"Hata moja?"

"Ile ya kwanza niliitoa nikaiangalia. Nikaona ni waya. Nikairudisha, nikaibandika tena." Mutunga alimsogezea ndoo iliyopinduliwa, na Kilonzo, bila kukusudia, akaikalia. "Mwalimu, ulifikiri posta walinilipa miaka hiyo yote nikiwa mjinga? Najua waya ni waya."

"Basi mbona ukaniambia besi imeshikana?"

"Jeff akipiga simu huuliza, 'Baba, sauti iko aje sasa?' Nikimwambia ni ile ile, ananyamaza, anasema haya, atanipigia wiki ijayo. Nikimwambia imebadilika, anaongea mpaka mkubwa wake anamwita."

"Hiyo ni ya Jeff. Nauliza yangu."

Mutunga alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Ndani ya nyumba mtu alisema "Polepole, polepole," na kabati likalia.

"Ningekuambia aje, wewe? Mwalimu, kuja tukae?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Ungeuliza kuna shida gani."

Kilonzo alijua ni kweli. Angeuliza. Angeuliza kwa nia njema kabisa, angekaa kwenye ncha ya kiti akisubiri kuelezwa shida, na asipoelezwa angekunywa chai yake kwa adabu, akaaga.

"Na siku ile ya jumuiya nilikujibu ukweli," Mutunga aliendelea. "Hakukuwa na tofauti. Wewe ndiye ulitaka mashahidi."

"Ungesema hapo hapo kwamba nyaya hazijafungwa. Mimi ndiye ningechekwa."

"Ndiyo maana sikusema."

Kuku mmoja wa jirani alipita kati yao, akasimama akawatazama, akaenda zake.

"Kisha hukupiga simu tena," Kilonzo alisema, na alishangaa kuisikia sauti yake ikiwa na lawama ya mtoto.

"Ulikuwa umeshinda. Ningekuita tena kwa kesi gani?"

Maneno aliyokuwa nayo Kilonzo yote yalikuwa ya darasani, ya kuanzia na kwa hiyo na kuishia na basi. Aliyaacha. Alipozungumza, lilitoka jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Syokau harudi. Aliniambia tangu Agosti. Wamemfanyia karatasi za kukaa. Sijamwambia mtu."

"Najua."

"Unajua? Nani amekuambia?"

"Hakuna. Wewe uliacha kuaga mapema. Zamani saa kumi na moja ilikuwa ikigonga unasema ng'ombe hawajanywa maji, na huna ng'ombe." Mabega ya Mutunga yalipanda, yakashuka. "Tangu Agosti ng'ombe wakaacha kuwa na kiu."

Kilonzo akacheka. Kicheko kilimtoka vibaya, kikaingia maji katikati, ikabidi atazame upande wa milima mpaka kitulie. Mutunga hakumtazama. Alitazama upande huo huo.

"Baba, tumemaliza!" Wavinya aliita. "Jua litatuchoma njiani!"

Walimsaidia kupanda, mmoja akimshika kiwiko na mwingine akimshikia fimbo. Kabati halikutosha kwenye pikapu. Lilibaki uani, limeegemea ukuta, tupu kama zizi. Kilonzo alisimama kwenye dirisha la pikapu na mikono yake ikawa mingi, hajui aiweke wapi.

"Jumamosi mtakuwepo nyumbani?" aliuliza.

"Jeff hajatuma kitu," Mutunga alisema.

"Sijamuuliza Jeff."

Wavinya akawasha gari, na jibu, kama lilikuwako, likamezwa na injini.

Matuu si karibu, na Kilonzo si kijana, lakini Jumamosi nyingi huenda. Hufika kabla ya chakula na hana habari yoyote mkononi. Mashine ya santuri imewekwa stoo pamoja na mbolea na hakuna aliyezungumzia kuifunga. Huketi na Mutunga kwenye kivuli cha nyumba, wakabishana juu ya kama mbwa huota ndoto, na ni upande upi mvua ya kweli hutokea, mambo ambayo hayana waya wa kuchomoa. Siku nyingine hawasemi neno. Siku nyingine humkuta Mutunga amesinzia, kidevu kifuani, na Wavinya hutaka kumwamsha, akisema mgeni ametoka mbali. Kilonzo humkataza. Huvuta kiti, akakaa.